Viza ukifika au viza kabla ya safari?

Mtalii akiona bei nzuri ya tiketi usiku, hununua usiku uleule. Hapo ndipo viza ya kupewa mpakani au uwanja wa ndege inapoishinda ile ya ubalozini. Anayelazimika kupeleka pasipoti na taarifa za benki, pengine kusafiri hadi mji mwingine kwa mahojiano, hubadili mawazo, na nchi aliyokusudia kuitembelea haijui hata kwamba imempoteza. Maldives, inayoishi kwa utalii, humpa mgeni wa karibu kila taifa viza ya siku 30 akitua, bila malipo. Rwanda nayo iliwafungulia raia wa nchi zote utaratibu wa viza wanapofika, kuanzia Januari 2018.

Viza ya mapema ina nguvu yake: maofisa humchunguza mwombaji kwa nafasi, naye husafiri akijua hatarudishwa mlangoni. Ile ya kufika ina foleni, hasa ndege tatu zikitua pamoja, na mashirika mengine ya ndege husita kumpandisha abiria asiye na kibali mkononi.

India ilichagua njia ya kati Novemba 2014, kibali kikaombwa kwa intaneti. Kwangu hiyo ni nzuri pale tu fomu inapokuwa fupi na jibu la haraka. Vinginevyo ni ubalozi uleule uliohamia kwenye simu. Kwa nchi ya visiwa na fukwe, ningechagua viza ukifika, kisha niongeze madirisha ya uhamiaji.