ddrescue imetuokolea picha za nyumbani, na CrystalDiskInfo ndo iliyotushtua mapema

Wakuu, hii ni kwa yeyote ambaye kompyuta ya nyumbani imeanza kugandaganda, ukifungua folda ya picha inakaa weee, taa ya hadi diski inawaka tu haizimi. Usikimbilie kupiga windows upya. Yetu ilianza hivyohivyo, desktop ya sebuleni, diski ya 500GB ya kuzunguka, ndani kuna picha zote za harusi ya dada, skani za vyeti na za hati ya kiwanja cha mzee. Fundi mmoja akasema ni virusi, tufomati. Nikakataa nikarudi nayo nyumbani, nikatumia programu mbili za bure kabisa na hizo ndo nataka kuzisifia hapa, na kuzisema pale zinapostahili kusemwa.

Ya kwanza ni CrystalDiskInfo, ya windows, imetengenezwa na Mjapani. Haitibu kitu, inasoma tu taarifa ambazo diski inajiandikia yenyewe, zinaitwa SMART, halafu inakuwekea rangi: bluu mambo safi, njano uanze kuhangaika, nyekundu ndo basi tena. Yetu ilitoa njano. Ila usiishie kwenye rangi, shuka chini kwenye mistari ya 05, C5 na C6. 05 ni sekta (vipande vidogo vya diski vinavyotunza data) zilizokufa ambazo diski imeshazihamishia kwenye akiba yake, C5 ni zinazogoma kusomeka na hatima yake haijulikani bado, C6 ni zilizoshindikana. Zote zinatakiwa ziwe sifuri, na C5 ikiwa inapanda kila ukiwasha basi diski inaondoka hiyo. C7 ikipanda peke yake usihuzunike, mara nyingi ni waya wa SATA tu, ule unaounganisha diski na mashine, badilisha waya kwanza.

Ninachoilaumu ni kwamba namba zinakuja kwa heksadesimali, yaani kuhesabu kwa 16 badala ya kumi, mtu anaona 64 mwishoni anadhani sekta 64 kumbe ni 100. Ingia menyu ya Function, kisha Advanced Feature, kisha Raw Values, chagua 10 [DEC]. Hii ingetakiwa iwe hivyo tangu unapoiinstoo.

Na bluu usiiamini sana. Google walifuatilia diski zao zaidi ya laki moja wakatoa ripoti 2007, zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa na dalili yoyote kwenye zile namba nne za SMART walizoona zina uzito. Upande wa pili sasa, diski ikishaonyesha kosa la kwanza la skani (inajikagua yenyewe inakuta pabovu), uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ni mara 39 ya ile isiyo na kosa. Ndo maana njano ilinitosha kuacha kila kitu nianze kukopi.

Sasa ddrescue, hii ndo mwamba. Ni programu ya kukopi diski mbovu, ya Linux (mfumo mwingine badala ya windows), unaweka Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, kwenye flashi, unawashia kompyuta humo, unainstoo paketi ya gddrescue (ndo jina la ddrescue huko), au unatumia SystemRescue, Linux nyingine ya flashi ambayo inakuja nayo tayari. Ukikopi kawaida, ikigonga sekta mbovu inang'ang'ania palepale, diski inazidi kuumia, mwisho inakutupia kosa na vya mbele yake vyote hujavipata. ddrescue ikigonga pabovu inaruka, inachukua kwanza pote palipo pazima, halafu ndo inarudi kukwangua palipobaki. Na kila ilichofanya inakiandika kwenye faili la ramani, umeme ukikatika katikati (na utakatika) unarudia komandi ileile inaendelea ilipoishia. Kwa nyumba zetu hizi hilo pekee linatosha kuipenda.

Nilianza na hii:

sudo ddrescue -d -n /dev/sdb diski.img diski.map

ilipomaliza nikafuatisha hii:

sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb diski.img diski.map

diski.img ndo nakala ya diski nzima, diski.map ndo lile faili la ramani. Ile -d ni isome diski moja kwa moja, -n inaiambia isikwangue kwanza, -r3 ni irudie pabovu mara tatu. Piga lsblk (inaorodhesha diski zote na majina yake) uone kwa macho yako kwamba sdb ndo mgonjwa mwenyewe, na uwe umeingia ndani ya eksternali, diski ya nje, ndo uandike komandi, maana nakala inaangukia hapo. Eksternali iwe kubwa kuliko diski, na isiwe FAT32 maana hiyo haibebi faili linalofika 4GB.

Karibu data yote ilitoka, video chache tu ndo zimeharibika, picha na hati zote zipo. Mafaili unayachomoa kwenye ile img, diski yenyewe usiiguse tena, na pakigoma kufunguka TestDisk na PhotoRec, programu za kurudisha mafaili, zinasaidia. Ubaya wa ddrescue ni kwamba hakuna vitufe, ni maandishi tu, na inakopi mpaka nafasi tupu, kwa hiyo diski kubwa andaa uvumilivu.

Tena sio ya kila diski. Ikiwa inagonga tak tak tak au haizunguki, zima hapohapo, kichwa cha kusomea kinaweza kuwa kinakwaruza sahani zenye data na kilichokwaruzwa hakirudi. Usiifungue, usiiweke friza, hiyo ni kazi ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi na ni gharama kweli. Na chkdsk /r, komandi ya windows ya kukagua na kurekebisha diski, msiipige kabla ya kukopi, nawaombeni sana, inailazimisha diski mgonjwa isome kila kona na inaweza kuandika vitu vipya vikafunika data zenu.

Alama zangu: CrystalDiskInfo 4 kwa 5, ddrescue 5 kwa 5. Na kama unatafuta diski ya used mwambie muuzaji aichomeke palepale afungue CrystalDiskInfo, angalia masaa iliyofanya kazi, mwaka mzima bila kuzimwa ni 8,760, ukikuta 40,000 mrudishie.