Mercedes-Benz 240D (W123) ya milango minne: kagua hivi kabla ya kununua

Wapenzi wa magari ya zamani walikuwa wakigombea ya milango miwili, hizi wakiwaachia madereva teksi. Sasa wanalainika, na 240D inastahili: familia inaenea, spea si shida sana. Mbio haina, mlima Kitonga utakuumbua.

Kwa Dar, adui ni chumvi ya bahari. Inua kapeti, chungulia chini ya betri, pitisha sumaku kwenye ncha za chini za milango ya nyuma. Isiponasa, hapo ni puti tupu iliyoficha kutu.

Ukizima ufunguo injini ikaendelea kunguruma, usilaumu swichi: dizeli hii huzimwa kwa vakyumu (mvuto wa hewa kwenye mipira), nayo inavuja, mara nyingi kwenye vimpira vilivyokauka. Nafasi za valvu zipimwe injini ikiwa baridi: za kuingiza milimita 0.10, za kutolea moshi 0.30.