Birika la moka la vikombe 3: uchungu unatoka kwenye moto

Moka ni birika la kupikia kahawa jikoni kwa nguvu ya mvuke. Ninalotumia ni la alumini, la vikombe 3, juu ya jiko la gesi. Nianze na ukubwa, maana hapo ndipo wengi hukosea wanaponunua: hivyo vikombe ni vile vidogo vya Kiitaliano. Langu hutoa kama mililita 130 tu, hata kikombe kimoja cha chai hakijai. Mkiwa wawili na mnakunywa na maziwa, chukueni la vikombe 6. Ila msinunue kubwa kwa nia ya kulipikia nusu. Kikapu kisipojaa, maji hupita mbio na kahawa hutoka nyepesi.

Umbo lake halijabadilika sana tangu Alfonso Bialetti alipolitoa Italia mwaka 1933: tangi la maji lenye valvu ya usalama, kikapu cha kahawa, na chumba cha juu chenye chujio na mpira wa kuziba. Mvuke husukuma maji juu kwa presha ya bar 1 hadi 2 (bar ni kipimo cha presha). Espreso, ile kahawa nzito ya mashine, huhitaji kama 9, kwa hiyo usilidai povu zito.

Siri kubwa ni kuanza na maji yaliyokwisha kuchemka. Ukiweka ya baridi, birika zima hupata moto huku kahawa ikikaa kwenye joto kikapuni kabla maji hayajapanda, na ule uchungu watu huusingizia buni. Mimina mililita 150 hivi, chini kidogo ya valvu. Kahawa gramu 15, sawazisha kwa kidole, usiikandamize. Futa ukingo wa kikapu vizuri, kwani chembe chache tu zikibaki mvuke utatorokea pembeni. Shika tangi kwa kitambaa ukaze, wala usitumie mpini kukazia, utavunjika.

Moto uwe mdogo, mwali usizidi kitako, la sivyo mpini wa plastiki utayeyuka. Acha kifuniko wazi utazame. Kahawa nzuri hushuka taratibu kama uzi mweusi. Ikianza kuwa ya manjano na birika kukoroma, epua papo hapo, uchovye kitako kwenye maji baridi. Maji kidogo yatabaki chini. Yaache, ukiyalazimisha kupanda yataharibu yote uliyopata.

Kusaga nako kuna kipimo: chembe kama chumvi laini ya mezani. Ikiwa laini kama unga wa ngano, njia huziba na valvu huanza kupuliza. Zima gesi, subiri lipoe ndipo ulifungue. Kahawa ya kutwanga kwenye kinu hutoka chenga na vumbi pamoja, hivyo ichekeche kwanza. Kwa aina za kahawa, kwangu arabika ya Kilimanjaro au Mbinga iliyokaangwa kiasi ndiyo inayolifaa zaidi. Robusta ya Kagera ni kali, nainywa na maziwa.

Kasoro zake: la alumini halipati moto kwenye jiko la induksheni (la umeme linalopasha chombo kwa sumaku), na kwenye jiko la gesi lenye vyuma vilivyoachana hupinduka upesi, kwa hiyo nunua na kile kiduara cha chuma cha kuliegemeza. Osha kwa maji ya moto na mkono tu, bila steelwaya, ukaushe na kulihifadhi likiwa limefunguliwa. Mpira ukikakamaa na kahawa kuanza kuvuja kwenye maungio, badilisha mpira. Birika lenyewe bado zima.