Rosa Mistika na Utengano: mabinti wawili nyuma ya mlango wa baba

Ukitaka kuzisoma riwaya hizi mbili kwa pamoja, anza na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), ndipo uchukue Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980). Ukishamjua Zakaria, baba yake Rosa, utamwelewa Maksuudi, baba yake Maimuna, upesi zaidi.

Zakaria wa Ukerewe ni mlevi aliyewahi kuwa mwalimu. Mfukoni hana kitu, mkononi ana fimbo. Barua moja ya mvulana Charles inatosha kumponza Rosa: anapigwa, na tangu siku hiyo mvulana kwake ni kitu cha kuogopwa. Nyumba hii haina ukuta wa kumzuia binti, wala isingeweza kuwa nao, maana mkewe Regina na binti zake ndio wanaohangaika ili watu wale. Kwa hiyo Zakaria anajenga gereza ndani ya Rosa mwenyewe. Akifika shule ya bweni, mbali na ile fimbo, hana anachokijua kuhusu wanaume isipokuwa hofu. Hofu inapoisha, hakuna kilichobaki cha kumwongoza. Mwanamume aitwaye Deogratias anampata kirahisi, na chuoni Morogoro mkuu wa chuo naye anajichukulia nafasi yake.

Maksuudi ana fedha na siasa, kwa hiyo kuta anazo. Maimuna hatoki, mama yake Tamima hatoki, na hata uchungu wa uzazi hauhalalishi kumwingiza mkunga Farashuu ndani. Chuki kati ya Maksuudi na Farashuu ina mizizi: Mwanasururu, binti wa Farashuu, aliangamia kwa mikono ya Maksuudi huyohuyo. Hapa ndipo Utengano inapoipita riwaya ya kwanza kwa usukaji. Anayemwonyesha Maimuna njia ya kutoka ana kisasi chake moyoni, na njia hiyo inaishia kwenye danguro la Madam Jeni na jukwaa la baa ya Rumbalola. Sauti iliyokatazwa kusikika nje ya nyumba sasa inauzwa usiku kwa walevi.

Wanafunzi wengi huandika “malezi mabaya” wakaishia hapo. Jibu hilo linapwaya, kwa sababu halielezi kwa nini Rosa mwenye elimu anaangamia na Maimuna wa nyumba ya kitajiri anaanguka vilevile. Fuatilia fedha katika kila sura: ni nani anayeishika, na nani anahitaji ruhusa ili aiguse. Utaona kwamba mali ya Maksuudi haijawahi kuwa ya Maimuna, ambaye hakusomeshwa kama kaka yake Mussa. Akivuka kizingiti hana cheti, hana ujuzi, hana hata senti. Rosa ana cheti, lakini jamii inampima kwa ubikira, na kipimo hicho hawekewi mwanamume yeyote kitabuni.

Rosa anajiua, Maimuna anaishi na kuolewa na Kabi. Mwisho wa Said una matumaini, ingawa bado mlango wa kutokea unapitia kwa mwanamume, na hilo linastahili kuhojiwa darasani bila woga. Kezilahabi hakumpa msomaji nafuu hiyo. Uwazi wake ulikifanya kitabu kipigwe marufuku mashuleni kwa muda, na uwazi huohuo ndio unaokifanya kiendelee kuuma hadi leo. Ukimaliza Utengano, rudi kwenye kurasa ambapo Charles anamkataa Rosa, kisha zisome sambamba na zile ambazo Kabi anamchukua mwanamke aliyekwisha kuhukumiwa na kila mtu.