Kliniki ya chanjo ya watoto huku Kisauni: nyota 4

Kila mtu akiuliza kwenye grupu za kina mama apeleke mtoto wapi chanjo, majibu ni yale yale, "enda popote tu, sindano ni sindano". Mimi sikubali. Kliniki hii nawapa nyota 4, na kama si habari ya kungojeshwa ningewapa zote 5 bila kufikiria.

Kitu kinachonirudisha pale ni yule sista wa chumba cha chanjo. Hadungi tu akaita mwengine. Siku ya surua, mwanangu ametimiza miezi 9, aliitoa ile chupa kwenye kisanduku cha barafu akatusogezea tuione, juu ya kifuniko kuna kiduara na ndani yake kijimraba. Akasema mkiona kijimraba ni cheupe kuliko duara basi dawa iko sawa, kikianza kufanana rangi na duara au kuwa cheusi zaidi ujue imepata joto, haifai hiyo, semeni hapana. Dawa inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Sasa na joto letu hili la Mombasa na stima inavyopotea, mimi naona kila mzazi anafaa ajue kuangalia pale, na sijawahi kuonyeshwa na mtu kwengine kokote.

Kulikuwa na nyanya mmoja amemleta mjukuu wake, akauliza wazi wazi, "Sista, mtoto huyu mzima, haumwi, mwamdunga ugonjwa wa nini?" Wengine wangemkatiza. Sista akakaa chini kabisa akamwambia, "Nyanya, hichi ni kirusi cha surua kweli, lakini kimepunguzwa nguvu, tunataka mwili wake ukione kabla hakijaja kile kikali."

Afu akaeleza na hapa ndo nilipopenda. Kwenye damu kuna seli nyeupe, na kundi moja la hizo, seli B na seli T, kila moja inazaliwa na umbo lake la kunasia, tofauti na la jirani yake, mwili unazitengeneza hivo kwa mamilioni bila kujua ugonjwa gani utakuja. Ni kama fundi wa funguo aliyetundika funguo chungu nzima ukutani, hajui kufuli gani italetwa. Kirusi kikiingia, zile chache zinazooana nacho ndo zinaamka na kuzaana kwa wingi, seli B zinamwaga kingamwili za kukishika kikiwa bado kinazunguka nje ya seli, na seli T nyengine zinaua seli zetu zenyewe ambazo kirusi kishaingia ndani. Kuna na seli T za kusaidia, zinazowapa wenzao amri, na hizo ndo virusi vya Ukimwi vinazishambulia, ndo maana mtu asiyetumia dawa ugonjwa ukifika mbali anashikwa na magonjwa ya kila aina.

Kazi hiyo mara ya kwanza inachukua wiki moja au mbili, na surua kali haingoji. Lakini vita vikiisha baadhi ya seli zinabaki kama kumbukumbu, na ugonjwa ule ukirudi zinaanza kazi mapema na kwa wingi kabla hujajua kama kuna kitu kimeingia.

Kumbukumbu hiyo inakaa muda gani? Mwaka 1846 surua iliingia visiwa vya Faroe, huko kaskazini mwa Ulaya, baada ya zaidi ya miaka 60 bila kuonekana, watu wakaugua kwa maelfu, na daktari Peter Ludvig Panum akakuta wazee waliougua surua ya 1781 hawakushikwa tena. Tangu utotoni mpaka uzeeni, mwili haujasahau! Na ubaya wa surua yenyewe ni kwamba inafuta kumbukumbu ya magonjwa mengine, utafiti wa 2019 kwa watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa ulikuta waliougua walipoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili zao. Chanjo haifanyi hivo. Kwa hivo anayesema bora mtoto augue mwenyewe apate kinga, hajui mtoto anapokonywa nini.

Nikamuuliza kwa nini tusidunge mapema, akasema mtoto anazaliwa na kingamwili za mamake zilizopitia kondo la nyuma, na hizo zikiwa bado nyingi zinakiondoa kirusi cha chanjo kabla seli za mtoto hazijajifunza. Jibu fupi, nikaelewa.

Sasa ile nyota moja. Chupa ya surua ni ya watoto 10, na ikishachanganywa haipiti saa 6, inamwagwa. Kwa hivo wanangoja watoto wafike idadi ndo wafungue. Hiyo naielewa na sitaki dawa itupwe, lakini tulikaa chini ya mabati toka asubuhi mpaka karibu na adhuhuri, watoto wanalia, na dada wa mapokezi ukimuuliza anakujibu "ngojeni" bila hata kukuangalia. Si wangetangaza tu siku moja ya surua kwa wiki, watu wakaja pamoja? Wafanyikazi wa kibarua siku yao inapotea hivo hivo, na mwengine akirudi nyumbani hatorudi tena.

Malipo hakuna, chanjo za serikali ni bure, beba kitabu cha kliniki. Ya surua, homa au vipele vinaweza kuja baada ya wiki hivi, si usiku ule ule kama za wiki 6, sista atakwambia na atakwambia pia lini umrudishe haraka. Na msisahau ya pili ya miezi 18, wengi wanaiacha wakidhani ni marudio tu, kumbe ikidungwa miezi 9 kama watoto 85 kati ya 100 ndo wanapata kinga, na wako hujui kama yuko kwenye wale 15. Mimi narudi hapo hapo, ila nitafika mapema na maji ya kunywa.