Taa za sensa: ya korido naisifu, ya msalani ilinitesa

Nilinunua taa mbili za sensa ya mwendo kwa ajili ya mama. Huamka usiku mara mbili tatu kwenda msalani, na kule kupapasa ukuta gizani akitafuta swichi kulikuwa kunaninyima usingizi. Moja nikaifunga koridoni, nyingine msalani.

Ya korido sina neno. Mama akitoka tu mlangoni, kabla hajapiga hatua ya tatu, taa imeshawaka. Ya msalani ndiyo iliyonitesa. Mama akishakaa, haipiti dakika moja inazima, naye anabaki gizani akipunga mkono. Nikadhani ni mbovu. Nikakata umeme, nikaifungua.

Ndani kuna kidude cha mviringo, kidogo kama kifungo cha shati, chenye kidirisha cheusi. Nyuma ya kidirisha hicho huwa kuna vipande viwili vinavyohisi joto, vimeunganishwa kinyume, hivyo joto likivifikia kwa pamoja vinafutana. Miili yetu hutoa miale ya infraredi, yaani miale ya joto, mingi ikiwa ya mawimbi ya mikromita 10 hivi (sehemu moja ya mia ya milimita), ambayo jicho haliioni. Na lile kombe jeupe la plastiki lenye vijimraba si pambo. Kila kijimraba ni lenzi, na zote kwa pamoja zinakikata chumba vipandevipande. Ukivuka kutoka kipande hadi kipande, joto lako linapata upande mmoja wa kile kidude kisha wa pili, taa inawaka. Ukitulia tuli, kwa sensa ni kama haupo.

Basi taa haikuwa mbovu. Nilizungusha kitufe kilichoandikwa TIME hadi dakika 10, tatizo likaisha. Ile ya korido nayo inafanya vizuri kwa sababu mama anaikatiza mbele; mtu akiijia moja kwa moja huchelewa kumwona.

Lawama yangu ni karatasi ya maelekezo, haikugusia hata moja kati ya haya. Haikusema pia kwamba usiku wa joto kali, kuta zikikaribia joto la ngozi, sensa hudhoofika. Wala kwamba haioni kupitia kioo cha dirisha.

Jirani aliniuliza kama inatupiga picha. Hapana, haina kamera wala hairushi miale yoyote, inapokea tu.

Ya korido ningeinunua tena kesho. Ya msalani, tazama kwanza kama muda wake unarekebishika. Zipo zilizofungwa kwenye sekunde 30, na hizo mzee hazimfai.