Acraglas Gel kwenye kitako cha bunduki yangu: usiidharau plastisini

Bunduki yangu ya kuwindia kulungu hapa Minnesota ni Remington 700 ya kitako cha mbao, niliinunua mkononi mwa mtu. Ilikuwa kigeugeu: leo risasi tatu zinakaa pamoja, kesho moja imekwenda zake, inchi mbili na ushee kwa yadi 100. Siku moja, ikiwa tupu, nikaweka kidole pale mtutu unapokutana na ncha ya mbao, nikalegeza skrubu ya mbele. Mtutu ukainuka. Kumbe chuma hakijakaa vizuri kwenye mbao, skrubu ndiyo inayokipinda.

Fundi mmoja alinitajia bei nikacheka. Nikaagiza Acraglas Gel ya Brownells, gundi ya kujaza nafasi kati ya chuma na mbao ili chuma kikae sawasawa, nikajifungia gerejini.

Gundi yenyewe sina la kuilaumu. Inachanganywa nusu kwa nusu, ni nzito kama siagi na haichuruziki. Gereji ikiwa baridi inachelewa kukauka, basi washa hita.

Kazi yenyewe iko kabla ya gundi. Nilichimba mbao kidogo kwa patasi. Kile kibamba cha chuma kinachopokea teke nilikibandika selotepu mbele, ubavuni na chini. Nyuma nikaacha peupe, maana ndipo kinapoegemea. Chuma chote ukipake dawa ya kuzuia kunata (wapo wanaopaka kiwi ya viatu, na inafanya kazi), kisha kila tundu ulijaze plastisini, ule udongo laini wa watoto kuchezea, gundi isiingie.

Mimi niliruka moja. Kitundu cha pini ya traiga, hakizidi punje ya mchele. Nikaweka gundi, nikarudisha chuma kwenye mbao, na baada ya saa 24 kikagoma kutoka. Nilivuta, nikagonga, nikatoka jasho. Mwishowe mke wangu akahamisha mifuko ya sukuma wiki, bunduki ikalala kwenye friza, maana chuma kikipoa husinyaa. Asubuhi, nyundo ya mpira mara mbili, ikaachia kwa mlio wa kijiti kikivunjika. Ndani ya kile kitundu kulikuwa na kimsumari cha gundi.

Sasa nikilegeza skrubu mtutu hautikisiki. Risasi tatu zinakaa ndani ya inchi moja na kidogo, na ile ya kwanza, mtutu ukiwa bado baridi, inafuata wenzake. Kwa mwindaji hiyo ndiyo risasi yenyewe.

Gundi imebaki zaidi ya nusu. Jirani keshaniletea bunduki yake. Nimemwambia plastisini aje nayo mwenyewe.